Umeumwa na mdudu, unawashwa: barafu, kalamini, haidrokotisoni au kidonge?

Muwasho wa dakika ya kumi na muwasho wa siku ya pili si muwasho mmoja, hata kama umetoka kwenye alama ile ile ya mbu. Ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba barafu inatosha, na mwenzake akisema barafu haijawahi kumsaidia kitu. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja aliitumia kwa wakati wake. Ulinganisho huu nimeuandika ili ukisimama mbele ya kabati la dawa, au ukiwa na mtoto anayejikuna mpaka anatoa damu, ujue ushike nini kwanza na uache nini.

Kinachowasha ni nini hasa

Mbu jike anapochoma ngozi huacha mate yenye protini zinazozuia damu kuganda. Mwili huziona kama mgeni asiyealikwa. Seli za kinga zilizotulia ndani ya ngozi humwaga histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe na muwasho, mishipa midogo hutanuka na kuvuja majimaji, na neva za muwasho huamka. Uvimbe huo laini wa mwanzo hufikia kilele baada ya dakika 20 hivi, kisha hunywea. Kwa watu wengi mambo hayaishii hapo: kipele kigumu huchomoza baadaye, kinafikia ukali wake kati ya saa 24 na 36, na kinaweza kukaa siku kadhaa au hata wiki. Awamu hii ya pili haiendeshwi na histamini peke yake. Wakati huo seli nyingine za kinga zimeshakusanyika pale na zinafanya kazi polepole.

Kwa hiyo hakuna sumu ya kukamua wala ya kunyonya. Kila tiba utakayoisoma hapa chini inatuliza mwitikio wa mwili wako mwenyewe, na swali la kujiuliza ni moja: inaingilia awamu ipi? Kujikuna nako kuna gharama yake. Kukwaruza ngozi huzichokoza seli zile zile zimwage histamini zaidi, na kucha hufungua mlango wa bakteria.

Watu pia hawafanani. Mwaka 1946 mtafiti Kenneth Mellanby alieleza kwamba mwitikio wa mtu kwa mate ya mbu hupita hatua kwa hatua: mwanzoni hakuna kitu, kisha kipele cha kuchelewa peke yake, kisha uvimbe wa papo hapo pamoja na kipele, halafu uvimbe wa papo hapo tu, na mwishowe, baada ya kuumwa mara nyingi mno, huenda pasitokee kitu tena. Ndugu wawili wanaolala chumba kimoja wanaweza kuwa kwenye hatua tofauti kabisa. Usimlinganishe mtoto wako na wa jirani.

Yasiyongoja ulinganisho

Mtu aliyeumwa na nyuki, nyigu au siafu akianza kuvimba ulimi, midomo au koo, akapumua kwa shida, akatokwa na vipele mwili mzima, akatapika ghafla au akahisi kuzimia, huo ni mzio mkali wa mwili mzima. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye paja, na kukimbizwa hospitali. Kidonge cha mzio hakiokoi hali hiyo, na nawasihi msimpe mtu kidonge halafu mkakaa kusubiri. Mlaze chali, miguu imeinuliwa. Kama anapumua kwa shida, mwache akae.

Mwiba wa nyuki hubaki na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu, hivyo utoe upesi. Kuukwangua au kuubana kwa kucha si hoja, haraka ndiyo hoja. Kupe naye hashikwi hivyo: mbane kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta kwenda juu taratibu bila kumsokota, na usimchome moto wala kumpaka mafuta. Halafu kuna yule mdudu mwembamba mwenye pete nyekundu na nyeusi, wa jamii ya Paederus. Huyo haumi kabisa. Akipondwa kwenye ngozi, majimaji yake huunguza na kuleta malengelenge, basi nawa mara moja kwa sabuni na maji mengi.

Kwa mbu, kiroboto, kunguni na chungu wa kawaida, anza kwa maji na sabuni, kisha chagua.

Baridi au joto?

Baridi huzubaisha neva na kubana mishipa midogo, kwa hiyo inafanya kazi nzuri zaidi katika ile saa ya kwanza. Funga barafu kwenye kitambaa, au lowesha kitambaa maji baridi, weka dakika 10, pumzika, rudia. Barafu tupu isikae kwenye ngozi, huunguza kama moto. Ubora mkubwa wa baridi ni kwamba mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee mwenye dawa saba mezani, wote wanaweza kuitumia, na haigombani na dawa yoyote. Kasoro yake unaijua: ukiiondoa, muwasho haukawii kurudi.

Joto nalo si porojo. Vipo vifaa vidogo vya betri vinavyogusisha ngozi kibamba chenye joto la nyuzi 51 hivi za Selsiasi kwa sekunde chache, na watu wengi huona muwasho unakatika haraka. Tatizo ni wale wanaoiga kwa kijiko kilichochovywa kwenye maji yanayochemka. Kijiko hakina kipimo. Nimeona ngozi iliyobabuka kwa ajili ya kipele ambacho kingekwisha chenyewe. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hata asijaribu kifaa chenyewe, maana hatajua kwamba anaungua. Kati ya hizi mbili nachagua baridi kila mara, na kifaa cha joto namwachia mtu mzima mwenye ngozi nzima anayeweza kusema "basi, inatosha".

Kalamini au haidrokotisoni?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, tena kwa pande zote mbili: wengine wanaiogopa haidrokotisoni kuliko inavyostahili, wengine wanapaka steroidi kali (dawa za kutuliza seli za kinga) kana kwamba ni mafuta ya kujipaka baada ya kuoga.

Kalamini ni losheni ya zinki oksaidi. Rangi yake ya waridi inatokana na oksaidi ya chuma kidogo. Ukiipaka, maji yake yanavukiza na kupoza ngozi, kisha unga unaobaki unakausha kile kinachochuruzika. Haiingilii mwitikio wa kinga hata kidogo, na ushahidi wa nguvu zake ni mdogo. Sasa kwa nini bado naiheshimu? Kwa sababu haina madhara ya maana, inaweza kupakwa mara tatu au nne kwa siku, na inafaa pale ambapo mtoto ameumwa sehemu ishirini na huwezi kupaka krimu ya dawa kwenye kila moja. Tikisa chupa sawasawa, dondoshea kwenye pamba, gusagusa, acha ikauke. Usipake machoni, mdomoni wala kwenye kidonda kibichi. Ngozi ambayo ni kavu tayari itazidi kukauka, na ngozi kavu nayo huwasha, kwa hiyo mwenye pumu ya ngozi aiendee kwa uangalifu.

Soma lebo kabla ya kulipa. Baadhi ya losheni za kalamini zimechanganywa na difenhidramini, ambayo ni dawa ya mzio. Ikipakwa mwili mzima kwa mtoto, hasa kama amepewa pia sharubati yenye dawa hiyo hiyo, inaweza kupenya ngozi na kumfikisha kwenye kiwango cha hatari. Ile ya kawaida isiyo na nyongeza ndiyo ninayoisemea.

Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni kitu kingine kabisa. Hii ni steroidi nyepesi, na kazi yake ni kuzituliza zile seli zilizokusanyika, yaani inaingia moja kwa moja kwenye awamu ya pili. Kile kipele kigumu cha siku ya pili, kinachokuamsha usiku na ambacho barafu haikiwezi, hapa ndipo kinapopata kiboko. Haileti nafuu papo hapo. Ipe muda, paka mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache, isizidi siku 7. Kiasi? Krimu inayotoka kwenye ncha ya kidole hadi kwenye mkunjo wake wa kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, hivyo kipele kimoja kinahitaji tone dogo kama punje ya mchele. Isipakwe usoni wala karibu na macho, kwenye ngozi iliyochanika, wala kwenye fangasi. Kwa mtoto mdogo, muulize kwanza mhudumu wa afya.

Ikitumiwa hivyo, haichubui mtu. Madhara ya ngozi kuwa nyembamba na kutoa michirizi hutokana na steroidi kali, au kutumia muda mrefu. Na hili linaniuma kulisema: tyubu nyingi zinazouzwa kama "krimu ya muwasho" zina klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi kali, mara nyingine zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi na antibiotiki katika tyubu moja. Mtu anapaka, muwasho unakatika siku ya kwanza, anaiamini, anaiweka kabatini kwa kila jambo. Mpwa wangu alipakwa moja ya hizo miguuni kwa miezi, kwa ushauri wa muuzaji, na ngozi yake ikawa laini kama karatasi na kung'aa. Vile vipele vyenyewe vilikuwa vya viroboto. Zaidi ya hapo, steroidi kwenye fangasi huuficha wekundu na mpaka wake, fangasi anaenea kimyakimya mpaka hata daktari anapata tabu kumtambua. Kwenye lebo tafuta jina la dawa, usitosheke na picha ya ngozi iliyochorwa kwenye boksi. Usipoliona neno haidrokotisoni na asilimia yake, muulize mfamasia ndani yake mna nini.

Chaguo langu basi: saa za mwanzo na vipele vingi, kalamini, kipele kimoja au viwili vikali vilivyovimba vya siku ya pili, haidrokotisoni. Unaweza kuwa na vyote viwili nyumbani, ila usivipake juu kwa juu sehemu moja, maana kalamini itaifunika krimu tu.

Kidonge: cha usingizi au kisicho cha usingizi?

Dawa za kumeza za mzio huzuia histamini kushika mahali pake pa kazi. Zinasaidia sana uvimbe wa papo hapo, na kidogo ule wa kuchelewa. Kwa hiyo mtu anayejua kwamba akiumwa tu anavimba hufaidika zaidi akimeza mapema kuliko akisubiri kesho yake.

Setirizini na loratadini ni za kizazi kipya. Mtu mzima humeza miligramu 10 mara moja kwa siku, na inatosha. Usingizi wake ni mdogo, ingawa setirizini humlegeza mtu mmoja mmoja, hivyo dozi yako ya kwanza iwe siku ambayo huendeshi gari. Mwenye ugonjwa wa figo anahitaji kipimo kilichopunguzwa. Klorofeniramini ni ya zamani, miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, na inalewesha usingizi kweli. Wengi wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo: mtu aliyewashwa usiku kucha anatamani kulala. Naelewa, lakini usingizi wake huacha uzito wa kichwa hadi asubuhi, unaongezeka vibaya pamoja na pombe, na kwa mzee unaweza kumwangusha akienda msalani. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kukojoa, na mwenye presha ya macho aikwepe. Prometazini nayo isipewe mtoto chini ya miaka 2 kabisa, inaweza kumzuia kupumua.

Kwa mtu mzima, kwangu setirizini au loratadini ndiyo ya kuanzia. Kwa mtoto tumia sharubati kwa kipimo cha umri na uzito kilichoandikwa, tena kwa sindano ya kupimia au kijiko cha dawa kilichokuja na chupa.

Krimu na jeli za antihistamini (dawa za kuzuia histamini) za kupaka ziko katikati na sizipendi: nafuu yake ni ndogo, na zenyewe zinaweza kuleta mzio wa ngozi, ukajikuta unatibu dawa. Za ganzi kama benzokaini zina kasoro hiyo hiyo, na kwa watoto chini ya miaka 2 zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Vilivyomo jikoni na bustanini

Soda ya kuokea, ile bikaboneti na si hamira, ina nafasi yake. Changanya kijiko kikubwa kimoja na maji kidogo tu mpaka iwe uji mzito, paka, ngoja dakika 10, osha. Haina nguvu ya krimu lakini ni salama kwenye ngozi nzima. Utomvu angavu wa mshubiri, ambao wengi huuita alovera, unapoza vizuri. Maji ya njano yanayotoka chini ya ganda lake ndiyo ya kukwepa, yanachokoza ngozi.

Ndimu na limau, hapana. Maji yake yakipakwa kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaleta malengelenge na doa jeusi linalodumu miezi. Dawa ya meno inapoza kwa sababu ya mentholi, kisha viungo vingine vinakausha na kuchoma. Mafuta ya taa huunguza. Mate yana bakteria. Na ile ya kubonyeza alama ya msalaba kwa ukucha hudanganya neva kwa dakika moja tu na kuacha mkwaruzo. Ukishindwa kabisa kujizuia, kandamiza au pigapiga kwa kiganja pembeni ya kipele.

Kimevimba sana: ni mzio au bakteria?

Uvimbe mkubwa unaotokea ndani ya siku moja au mbili, unaowasha kuliko unavyouma, kwa kawaida ni mzio. Antibiotiki haitaufanya chochote. Ukianza kuuma kuliko kuwasha, ukawa wa moto, ukaendelea kutanuka baada ya siku ya pili, ukatoa usaha, ukatupa mstari unaopanda kwenye mkono au mguu, au homa ikaja, hayo ni maambukizi, nenda ukaonwe. Vitabu vingi husema "angalia wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane. Tumia mgongo wa kiganja kupima joto, bonyeza uone kama ni pagumu, tazama kama ngozi imekuwa ya zambarau au imeng'aa kwa kutuna. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu na uandike saa. Wino ukivukwa, una jibu la kumpa daktari. Na homa inayokuja siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu mahali penye malaria, ipimwe siku hiyo hiyo.

Nikiambiwa nichague

Kama ni kimoja tu cha kuweka kwenye mkoba wa safari, nitaweka setirizini, kwa sababu haimwagiki, haihitaji friji, na inatibu vipele vyote kwa pamoja. Nafasi ya cha pili naipa haidrokotisoni ya asilimia 1. Kwa nyumba yenye watoto mpangilio unageuka: kalamini mbele, kitambaa na maji baridi pembeni, na kikata kucha. Kucha fupi usiku zinazuia vidonda na madoa meusi kuliko losheni yoyote ninayoijua, na kwa mtoto anayelala akijikuna, soksi safi mikononi si adhabu.

Lakini kama kila asubuhi unaamka na vipele vipya vilivyojipanga mstari kwenye mkono au shingo, acha kulinganisha krimu. Chukua tochi, geuza godoro, kagua mishono yake na nyufa za kitanda. Ukiona vidoa vidogo vyeusi kama wino uliodondoka, hicho ni kinyesi cha kunguni.